Kutwa Mara Tatu, Baada ya Chakula

Chaka. Chaka. Chaka.

Mpaka leo mtu akitikisa kiberiti karibu yangu, nageuka. Sauti ile ilikuja polepole kwenye korido ya wodi ya wanawake, ikifuata mwendo wa mtu anayechechemea: hatua moja kimya, hatua moja chaka. Nilikuwa nimepiga magoti napiga deki, na kabla sijainua kichwa nilishajua ni nani. Ni Bibi wa kitanda namba sita, tuliyemruhusu wiki moja nyuma. Kilichokuwa kinalia ni kikopo chake cha bati cha ugoro, alichokifunga kwenye pindo la kitenge, kiunoni. Ila ndani yake hamkuwa na ugoro. Mlikuwa na vidonge. Na siku ile havikutakiwa kuwemo tena, hata kimoja.

Sista wa zamu naye alisikia. Aliacha kuandika, akaweka kalamu chini.

"Nini hicho kinalia?" akauliza.

Naomba nirudi nyuma kidogo, maana bila kurudi nyuma mtaona kama Bibi ndiye aliyekosea.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Darasa la saba nilimaliza vizuri tu, lakini majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, langu halikuwepo. Nikakaa nyumbani nalima na mama, mahindi na ulezi, mpaka nilipopata kazi ya uhudumu kwenye hospitali moja pale Sumbawanga mjini. Kazi yenyewe ni kupiga deki, kumwaga vya kumwaga, kuchemsha sindano na mikasi, na mchana kukunja bahasha za dawa. Bahasha zilikuwa hazinunuliwi. Tulikuwa tunakata fomu za zamani na kalenda zilizopita, tunakunja, tunabandika kwa gundi ya unga. Mtu alikuwa anaondoka na dawa zake kwenye nusu ya mwezi wa Machi wa mwaka uliokwisha.

Lakini mimi nilikuwa nesi. Kichwani mwangu, yaani. Nilikuwa na saa mbovu ya mkononi, imekatika mkanda, na jioni nikifika nyumbani naibana kifuani kwa pini, kichwa chini miguu juu, kama saa za manesi.

"Saa ngapi sasa, nesi?" mama alikuwa ananiuliza akisonga ugali.

"Saa nne na robo."

"Hata jana ilikuwa saa nne na robo."

"Basi leo tumewahi."

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mjini kila kitu kilianza kuonekana: mitumba imetandazwa chini mpaka barabarani, sabuni na biskuti za Zambia zinashushwa kutoka mpakani Kasesya, na karibu na soko yakafunguliwa maduka ya dawa, mawili, kisha matatu. Hospitalini kwetu kabati la dawa lilikuwa mara nyingi linabaki na harufu tu. Daktari anaandika kwenye karatasi, ndugu wa mgonjwa anakwenda nayo dukani. Sasa kule dukani muuzaji alikuwa juzijuzi anauza vitenge. Jina la dawa analiona kwenye boksi, lakini vile viherufi vinavyofuata vinamshinda. Ndugu anarudi mbio hadi mlangoni kwetu, dawa mkononi, anauliza: jamani, hizi zinamezwa vipi? Na mlangoni alikuwa anamkuta nani? Ananikuta mimi na ndoo yangu.

"Afadhali nikufundishe," Sista aliniambia siku moja. "Maana naona unawajibu hata usipojua."

Alikuwa mwanamke mnene, mkali wa sauti, na viatu vyeupe alivyokuwa anavipaka chokaa. Alichukua kipande cha kalenda akaniandikia. Herufi hizi, alisema, ni za Kilatini, lugha ya zamani ya mapadri. Ukiona o.d., ni mara moja kwa siku. Ukiona b.d., mara mbili. Ukiona t.d.s., hiyo ndiyo kutwa mara tatu. Stat ni hapo hapo, usisubiri. Nikiandika p.r.n. ni pale inapohitajika, siyo kila saa. Na p.c. ni baada ya chakula. Siku nazo walikuwa wanaziandika kama hesabu za mafungu: saba juu ya saba ni siku saba, mbili juu ya hamsini na mbili ni wiki mbili, kwa sababu mwaka una wiki hamsini na mbili.

Nilikataa. "Sista, shuleni saba juu ya saba ni moja."

"Shuleni kwenu hakuna wagonjwa," alisema.

Nilibandika karatasi ile kwenye jalada la ndani la daftari langu, na kwa wiki nzima nyumbani hapakukalika. Uji nautaka b.d. Mama, maharage yawe p.r.n. Mama naye akashika haraka kuliko nilivyotegemea. "Kafagie uwanja, stat," alikuwa ananiambia, na hapo huwezi kubisha, maana umeifundisha mwenyewe.

Bibi aliletwa wakati wa mvua, mwezi wa kwanza. Alijikata na jembe juu ya unyayo akipalilia, akapaka majani, akaendelea kupalilia. Alipofika kwetu mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo, na harufu yake ilikuwa inatangulia kuingia mlangoni. Alitoka kijiji kimoja njia ya Namanyere, amepanda lori la mbao. Alikuwa mjane. Nyumbani aliacha wajukuu wanne kwa jirani, wa marehemu binti yake, na anayewalimia ni yeye. Alituambia hayo siku ya kwanza, siyo kwa kulalamika. Alikuwa anamweleza daktari kwa nini mguu ule anauhitaji.

Alikaa wodini siku tisa. Asubuhi uji, mchana ugali na maharage, jioni ugali na maharage. Alidungwa sindano, akameza vidonge, na kidonda kikaanza kutulia. Alikuwa anapenda nimsomee viherufi vya kwenye cheti chake kilichoning'inia kitandani.

"Kilatini?" aliniuliza, macho yamemtoka. "Hicho nakijua. Tulipokuwa wasichana tuliimba misa nzima kwa Kilatini. Hatukuelewa hata neno moja."

"Sasa mlikuwa mnaimbaje?"

"Kama tulivyoambiwa. Na Mungu alikuwa anasikia."

Akaniimbia kidogo, kwa sauti nyembamba, mpaka mgonjwa wa kitanda namba saba akamwomba apumzike.

Siku ya kumi vitanda vilikuwa vimejaa, wengine wamelala chini. Daktari akamruhusu. Alimwambia waziwazi, na mimi nilikuwa nimeshika beseni pale pale: "Bibi, vidonge hivi umalize vyote. Kidonda ukakisafishie zahanati yenu. Urudi baada ya siku saba. Kikiwa kimekauka, nenda kalime. Kikiwa bado kinaoza, nitakupeleka Mbeya, na huko watakata."

"Watakata wapi?" Bibi aliuliza.

Daktari alionyesha kwa mkono, chini kidogo ya goti.

Sista alikuwa na mama anayejifungua chumba cha pili. Aliniachia bahasha mlangoni: vidonge ishirini na kimoja, na juu yake kimoja t.d.s., p.c., saba juu ya saba. "Mweleze," akasema, akakimbia.

Mnajua furaha niliyoipata? Nilinawa mikono kabisa. Nikakaa pembeni ya kitanda kama manesi wanavyokaa, mgongo umenyooka.

"Bibi, sikiliza. Hii ni kutwa mara tatu. Hii ni baada ya chakula. Hii ni siku saba."

"Kutwa mara tatu, baada ya chakula, siku saba," akarudia.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimefanya kazi yangu. Lakini aliniangalia kwa heshima sana, jamani, mimi wa ndoo na deki, nikaona somo langu limekuwa fupi. Nikaongeza.

"Na usithubutu, Bibi, kumeza kabla hujala. Ukimeza tumbo tupu, dawa hii inatoboa utumbo."

"Inatoboa?"

"Inatoboa kabisa."

Sista hakuwahi kuniambia hivyo. Aliniambia kwamba vidonge vile vinaleta kichefuchefu tumbo likiwa wazi. Kutoboa nilikutoa kichwani mwangu, pale pale, stat.

Bibi alivimimina vidonge kwenye kikopo chake cha ugoro, maana mvua ilikuwa inanyesha na bahasha ingelowa. Akanishika kichwa kunibariki, akaondoka akichechemea.

Sasa ndiyo amerudi, na kikopo kinalia.

Sista alikipokea, akakifungua, akapiga chafya, akamimina vidonge kwenye sinia. Akavihesabu kwa ncha ya kisu, viwili viwili. Kumi na vinne. Akafungua bandeji. Sihitaji kueleza, kitanda namba saba aligeukia ukutani.

"Bibi," Sista alisema, "umekuja kunidhihaki?"

"Hapana, Sista."

"Siku saba umemeza vidonge saba. Nani alikuambia mara moja kwa siku?"

Bibi aliniangalia. Muda mfupi tu, halafu akaangalia mguu wake.

"Nilisahau," akasema.

"Umesahau! Mguu wako mwenyewe umeusahau! Ningekuwa na kazi ya kusahau kama wewe, hii wodi ingebaki na nani?"

Daktari aliitwa, akabonyeza, akanusa, akakunja uso. "Wiki moja," alisema. "Nakuongezea vidonge, unaanza upya. Baada ya wiki moja gari letu linakwenda Mbeya. Usinilazimishe kukupakia."

Nilitumwa nimtoe nyuma ya wodi, kwenye bomba, nimwoshe mguu kwa maji ya chumvi kabla ya kufungwa upya. Nilimkalisha juu ya tofali. Nilikuwa na hasira naye, nakiri. Somo lote lile! Na Kilatini juu!

"Bibi, mimi nilikueleza. Na ulirudia mwenyewe, neno kwa neno. Hukusahau."

"Sikusahau."

"Sasa?"

Aliangalia huku na huku. Nyuma ya wodi palikuwa na mashuka yameanikwa chini ya upenu, na kuku wa mlinzi. Hakuna mtu.

"Uliniambia nimeze baada ya chakula."

"Ndiyo."

"Nilimeza baada ya chakula. Kila siku. Sikuruka hata siku moja."

Nilimtazama, kopo la maji mkononi. Bado sikuelewa. Ndivyo nilivyokuwa.

"Kila ukimaliza kula?"

"Kila nikimaliza kula."

Kisha akanyanyua kidole kimoja, akakishusha haraka kama mtu aliyeona aibu ya kidole chenyewe.

Maji yakanimwagikia miguuni.

Nadhani mtu asiyekaa Ufipa hatajua uzito wa kile kidole. Mkoa wetu wa Rukwa unasifika kwa mahindi. Malori yanayatoa kwetu kupeleka kwa wenye njaa. Mwaka ule, mara tu baada ya mavuno, wanunuzi walikuja mpaka vijijini, jambo ambalo zamani halikuwepo, na watu wakauza kwa furaha, gunia baada ya gunia, bila kufikiria mwezi wa kwanza. Sasa mwezi wa kwanza umefika, mahindi ya shambani ndiyo kwanza yako magotini, na ghala limebaki la panya. Nyumbani kwa Bibi walikuwa wanakula jioni tu. Wajukuu kwanza.

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Niseme wapi? Pale, mbele ya vitanda ishirini?" Akacheka kidogo, mdomo umefunikwa na kiganja. "Mimi mkulima wa Rukwa nisimame niseme sina mahindi? Bora niitwe msahaulifu."

"Lakini ungemeza tu. Hata bila kula, ungemeza."

"Nitoboke?" Aliniangalia kama mtu anayenishangaa. "Ulisema mwenyewe inatoboa. Nikitoboka, wale watoto namwachia nani?"

Nilikaa chini, kwenye matope, na gauni langu la kazi. Nilimshika ule mguu kwa mikono miwili. Nilitaka kusema kitu kikubwa, nikakosa. Nikasema kidogo.

"Bibi, haitoboi. Inaleta kichefuchefu tu. Kutoboa niliongeza chumvi mimi."

"Uliongeza?"

"Niliongeza."

Kuku wa mlinzi alikuja akadonoa karibu na kidole cha mguu cha Bibi, akamfukuza.

"Chumvi hiyo," Bibi alisema mwishowe, "ungeitia kwenye maharage yenu ya wodini. Yana kazi ya kupooza."

Nililia na kucheka pamoja. Naye akacheka, halafu akanikamata mkono kwa nguvu. "Usimwambie Sista. Wala daktari. Niahidi."

Nikaahidi. Nikajikuta nimeshika ahadi mkono huu, na mkono huu nimeshika mguu unaokwenda kukatwa.

Chumba cha kufungia vidonda kilikuwa na mlango wa pazia. Bibi akiwa nje kwenye benchi, mimi niliingia nikaanza kupanga pamba ambayo ilikuwa imeshapangwa.

"Sista," nikasema, "naomba kuuliza swali la masomo."

"Uliza, daktari wangu."

"Dawa ikiandikwa t.d.s., p.c. Na mtu anakula mara moja kwa siku. Anamezaje?"

Sista alikuwa anakata bandeji. Mkasi ulisimama.

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Wa kwenye mfano."

Aliangalia pazia. Chini ya pazia ilikuwa inaonekana miguu miwili ya Bibi, mmoja umevaa ndala, mmoja umefungwa kitambaa. Sista aliitazama ile miguu, nami nikamtazama yeye, na ule ukali ulimtoka usoni taratibu kama mtu anayevua kilemba.

"Na mimi nimempigia kelele mbele ya watu," alisema kwa sauti ya chini.

"Huyo wa kwenye mfano?"

"Huyo huyo." Akarudia kukata bandeji. "Mwambie huyo mtu wa mfano kwamba p.c. haina maana ya sahani iliyojaa. Hata uji nusu kikombe. Hata kipande cha kiazi. Ugali wa jioni atoe matonge mawili ayaweke pembeni: moja asubuhi na kidonge, moja mchana na kidonge. Cha tatu jioni, kama alivyozoea. Na ikibidi kabisa, ameze bila kitu, kichefuchefu kitapita. Mguu hauoti."

Halafu akatoka nje mwenyewe, akamwambia Bibi kwamba kuna nafasi ya godoro chini, akipenda akae wiki nzima, ale hapa. Hakusema kwa nini. Bibi alimshukuru akakataa. Jirani hawezi kukaa na watoto wanne wiki nyingine, na magugu nayo hayamsubiri mtu.

Nilimweleza habari ya matonge mawili, kwa siri, kwenye benchi.

"Tonge lilale ndani ya nyumba yenye watoto wanne?" Bibi aliuliza. "Unafikiri litaamka?"

"Ulifiche."

"Mwanangu, wale wananusa. Ningekuwa na kitu cha kuficha, wangekijua kabla yangu. Na mimi nikiona mtoto analiangalia tonge, sitaweza. Nitampa."

Nilijua atampa. Ndiyo maana mguu wake ulikuwa vile.

Lori lake lilikuwa linaondoka sokoni saa tisa, nami nilimwahidi kwamba vidonge vyake nitampelekea huko. Saa saba nilikaa mezani kwangu kukunja bahasha kama kila siku, gundi pembeni, na nilipokuwa nakunja ya tatu au ya nne nikaona mikono yangu imepata wazo kabla ya kichwa. Watoto wananusa chakula, sawa. Lakini mtoto gani wa Ufipa anagusa bahasha ya dawa? Wote walishanyweshwa klorokwini, ile chungu ya malaria. Bahasha ya hospitali ukiiweka mezani, watoto wanahamia kwa jirani.

Nilivua aproni nikakimbia nyumbani. Mama alikuwa anapepeta.

"Mama, naomba karanga."

"Karanga za mboga hizi."

"Nataka kukaanga. Ni dawa."

"Dawa ya nani?"

"Ya bibi mmoja. Zinatakiwa stat."

Mama aliniangalia gauni lenye matope. Hakuuliza tena. Alimimina karanga kwenye chungu, akachochea moto, na mimi nikasimama pale nikizigeuza mpaka zikapasuka maganda na jasho likaniingia machoni. Nikazibeba za moto kwenye kanga.

Nilijaza bahasha kumi na nne, konzi moja moja. Saba za asubuhi, saba za mchana. Bibi alikuwa hasomi, kwa hiyo za asubuhi nilichora jua linachomoza nyuma ya kilima, na za mchana jua lenyewe, zima, na miale yote. Halafu, ili zifanane na za kweli, nikaandika juu ya kila moja: p.c.

Sista alipita akasimama nyuma yangu. Nilifunika kwa mikono, lakini karanga za kukaanga hazifunikiki. Harufu ilikuwa imejaa wodi nzima.

"Dawa gani hii?" akauliza.

"Ya mtu wa mfano."

Akachukua bahasha moja, akaigeuza. "Funga vizuri pembeni, zitamwagika," akasema. Akatoa vidonge saba vipya, akavichanganya na vile kumi na vinne kwenye kikopo cha Bibi, akanipa. Akaenda zake.

Sokoni nilimkuta Bibi ameshapanda juu, kati ya magunia ya chumvi. Nilimrushia mfuko wenye bahasha na kikopo, nikamweleza kwa kupiga kelele, maana injini ilikuwa imewashwa: jua linachomoza, asubuhi! Jua zima, mchana! Jioni ugali! Wajukuu waambie ni dawa chungu! Aliupakata mfuko kama mtoto. Alinusa, akaanza kutikisika mabega, na lori likaondoka akiwa bado anacheka.

Wiki ile mvua haikukatika. Nilifikiria paa lake, kama linavuja. Nilifikiria kama amemwonea huruma mdogo wao, akamfungulia bahasha zote siku ya kwanza. Gari la kwenda Mbeya nililiosha mimi mwenyewe siku moja kabla, ndani na nje, na kile kitanda cha nyuma nilikifuta huku nimegeuza uso.

Siku ya saba nilipiga deki korido ile ile mara mbili. Kila aliyekuja alikuwa na sauti yake: ndala, gongo, mtoto anayelia. Nilikuwa nasubiri chaka. Kisha nikaona kivuli kimesimama juu ya sakafu yangu mbichi.

"Mwanangu, mbona unapiga deki hadi kwenye miguu ya watu?"

Alikuwa amesimama mbele yangu na sikumsikia. Kikopo kilikuwa kiunoni, kimefungwa kwenye pindo lile lile, na hakikusema kitu.

Sista alifungua bandeji. Aliinama. Akaniita niangalie: pembeni kote nyama mpya, ya rangi ya waridi, safi, imeanza kuingia katikati. Harufu hakuna. Daktari alibonyeza hapa na pale, akaandika kwenye cheti, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu na kalamu mdomoni.

"Mbeya watanisamehe," alisema. "Endelea kukisafisha. Lakini kulima, bado wiki mbili."

"Bado moja," Bibi alisema.

"Mbili."

"Haya, daktari. Tutaona."

Sista alimfunga taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akifunga mtu. Akiwa ameinama bado, alimuuliza: "Na zile dawa za karatasi, ulizimalizaje?"

Bibi aliniangalia, akaangalia dari. "Siku mbili za kwanza hakuna aliyegusa. Siku ya tatu mdogo akanusa mdomo wangu. Siku ya nne wote wanne wakaamka wanaumwa. Huyu kichwa, huyu tumbo, mkubwa akasema mguu."

"Ukafanyaje?"

"Niliwapa karanga moja moja. Pale ilipohitajika."

Sista alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta.

Wakati wa kuondoka Bibi alifungua pindo la kitenge, akanipa kile kikopo. Alisema hana haja nacho, nyumbani anacho kingine, hiki nikae nacho mimi. Nilimsindikiza hadi getini. Alikuwa bado anachechemea, lakini kuchechemea kwa mtu anayekwenda shambani kwake.

Nilirudi kwenye chumba kidogo cha stoo, panapokaa ndoo na mafagio, nikafunga mlango. Nilikiweka kikopo sikioni, nikakitikisa. Kimya. Nikatikisa tena, kwa nguvu zaidi. Kimya. Nikakifungua nione kwa macho, nikaingiza pua ndani kabisa, na ule ugoro wa zamani uliobaki kwenye kona ukanipanda mpaka kwenye ubongo. Nilipiga chafya peke yangu mle ndani, moja baada ya nyingine, nimeshikilia ufagio nisianguke, machozi yananitoka.